Mama Masjala, Aliyetuandikia Habari za Wenzake

Ijumaa ya tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi, karani mkuu wa masjala ya chuo chetu cha upimaji ardhi alikabidhi funguo. Wanafunzi walimwita Mama Masjala, nasi wafanyakazi wenzake tukalidandia jina hilo hilo.

Wengi hawajui kwamba yeye mwenyewe ni mpima ardhi. Alihitimu hapa hapa, mmoja wa wasichana wawili katika darasa la watu ishirini na wawili. Mwenzake, waliyelala naye chumba kimoja bwenini, alikuwa mrefu hata wakamwita Twiga. Wote wawili walipangiwa kazi kwenye mradi wa barabara ya milimani. Wiki ile ile mama yake Mama Masjala akapooza upande mmoja, naye ndiye alikuwa mtoto wa pekee. Akaomba kibarua cha miezi mitatu masjala ili awe karibu na nyumbani. Twiga akaenda milimani peke yake. Mama mzazi akaishi miaka kumi na tisa zaidi.

Kazi aliifanya kwelikweli. Paa lilipovuja mwaka ule wa mvua kubwa, aliyaanika majalada elfu moja na mia mbili kwenye viti vya ukumbi wa mihadhara. Lilipotea moja tu. Alilisaka miaka miwili, akalikuta chini ya meza ya mwalimu wa hisabati, limewekwa kabari ya mguu mfupi. Mwalimu huyo hadi leo hupita mlango wa masjala kwa kunyata.

Lakini kazi iliyokuwa moyoni mwake hakuna aliyemtuma: ukurasa wa mwisho wa jarida hili la chuo, “Wako Wapi Siku Hizi.” Kwa mkono wake tulijua kuwa yule waliyemwita Profesa darasani mwao, kwa sababu alisinzia mstari wa mbele, ndiye sasa anaongoza idara ya ramani, kwamba mwingine aliacha vipimo akafuga nyuki, na mwaka mmoja akapata mapacha na tuzo ya asali, kwamba kiranja wao, mwenye kipara na mjukuu, alirudi kusomea shahada akiwa na miaka arobaini na saba. Barua zao alizisoma akiwa amesimama, miwani imeshuka puani, kisha akaketi kupiga chapa. Siku moja nilimuuliza mbona yeye hajawahi kutokea kwenye ukurasa ule.

“Mwanangu, mtunza ghala hahesabiwi pamoja na mizigo,” akasema, akacheka. Macho hayakucheka.

Habari za Twiga zilikuja kila mwaka, kisha zikakatika. Miaka tisa. Tulisikia kwa watu tu kuwa amekuwa mpima mkuu. Kila toleo Mama Masjala aliacha nafasi ya mistari minne hadi asubuhi ya kupeleka jarida kwa mchapaji, ndipo akaijaza kwa tangazo la maktaba.

Darasa lao lilipokutana tena hapa chuoni, wote wakikaribia hamsini, Twiga alitokea. Nilikuwa nagawa chai, nikasikia.

“Niliona haya, dada,” Twiga alisema. “Kila nikiandika nilikofika, naona kama nakusimanga kwa nafasi uliyoiacha.”

Mama Masjala alishika kikombe kwa mikono miwili. “Mimi nilikwenda kwa mama, na ningekwenda hata leo. Lakini milima bado naitamani. Usinifiche. Nieleze ilivyo.”

Walikaa wakizungumza mpaka tukakunja viti vyote isipokuwa viwili vyao.

Mwaka uliofuata alichukua likizo, akaenda kwa Twiga siku kumi na nne kuweka mawe ya mipaka ya shule mpya. Akiwa na miaka hamsini alipiga magoti kwenye umande, akaikazia jicho darubini ya kisasa ambayo hakuwahi kufundishwa. Mstari wake wa kwanza ulikosea kwa shubiri nzima. Wa pili haukukosea hata kidogo. Alirudi pua imebabuka kwa jua. Wiki moja baadaye aliniambia alidhani kiu ile itakwisha akishakunywa, kumbe ndiyo imeamka. Aliomba kuhamishiwa idara ya vipimo, akajibiwa kuwa umri umempita. Barua ile ya majibu aliipa namba, akaifungulia jalada, akaendelea na kazi.

Sasa amehamia milimani, jirani na Twiga ambaye naye amestaafu. Kiwanja alipimiwa na Twiga, akakipima tena mwenyewe, akapata tofauti ya sentimita mbili. Nasikia hawajaelewana bado.

Huku kwetu, Jumatatu niliingia masjala nikasema “Shikamoo” kama kawaida. Nikajibiwa na feni.

Mama, asante kwa kila jina ulilolitunza lisipotee. Ishi sasa kwa hesabu zako mwenyewe. Mungu akujalie siku nyingi, macho makali, na magoti mazima, maana huko uliko kunapandwa milima.