Siku ya Kumi na Tatu

Kaeni, wanangu. Ksenia, kaa juu ya sanduku la nguo. Platon, kalia la vitabu, na usinitazame hivyo, sijafa bado. Najua desturi yetu ni kukaa kimya kabla ya safari, lakini ninyi mnaondoka leo saa tisa na treni ya kurudi Urusi, nami daktari amesema wiki hii siimalizi, basi kimya chenu mtakaa nikishanyamaza mimi. Anayetaka kulia, alie huku anasikiliza.

Samova, birika letu la chai, ni ya Ksenia. Kasha la herufi za chapa, lililonila macho miaka ishirini na sita nikipanga magazeti ya kuingizwa kwetu kwa siri, ni la Platon, japo najua utalijaza tumbaku. Koti langu la manyoya limeliwa na nondo. Mpeni mwenye nyumba, atanuna lakini atalipokea. Mali imekwisha, maana mapinduzi hayakunitajirisha. Kilichobaki ni jina la mtu, na mwizi wake ni mimi mama yenu.

Mnamjua Osip Grankin, fundi saa wa kona ile, tuliyemzika Januari. Nasema tuliyemzika, kumbe kaburini tulikuwa watu wawili tu, mimi na binti yake Taisia. Tangu utoto mmefunzwa kuvuka barabara mkimwona, eti ndiye aliyemuuza mwenzetu Matvei Solodov kwa askari wa mfalme. Sikilizeni basi, na msinikatize, pumzi yangu haitoshi kusema mara mbili.

Ilikuwa mwaka 1900. Baba yenu alikuwa amekufa kwa kifua Januari ile, na wewe Platon ulikuwa tumboni. Mimi ndiye niliyeandika barua zote za siri, na anwani zote za wenzetu zilikuwa kichwani mwangu tu. Osip alikuwa apeleke magazeti mpakani tarehe ishirini Aprili ya huku, na Matvei aje kuyapokea kutoka upande wetu, siku hiyo hiyo, kwa tarehe ya kwetu. Mnajua kalenda ya kwetu iko nyuma ya hii ya hapa Geneva. Karne nzima ilikuwa nyuma siku kumi na mbili, nasi wakimbizi tulikuwa tukitoa kumi na mbili hata usingizini. Nikatoa kumi na mbili, nikamwandikia Matvei aje tarehe nane. Kumbe tangu Machi mwaka ule zilikuwa zimegeuka kumi na tatu! Alipaswa kuja tarehe saba.

Osip akafika siku yake, akangoja kutwa nzima pasipo mtu, akaficha masanduku kwenye kinu cha unga, akarudi. Askari wakayagundua, wakajibanza. Kesho yake Matvei, kijana wa watu, akaingia mwenyewe mikononi mwao, na gerezani hakumaliza mwaka.

Habari zilipofika sikujua kosa ni langu. Nililijua Mei. Mimi na Mungu tuligombana zamani, lakini sikukuu ya mtakatifu wa jina la baba yenu nilikwenda kumwashia mshumaa, na kikongwe mmoja pale kanisani akanicheka: "We mama, Mtakatifu Georgi ni kesho! Mwaka huu zimekuwa kumi na tatu, wenzio wote wanajua!" Nikasimama na mshumaa wangu, nikahesabu, nikahesabu tena: aliyemkosesha Matvei siku ni mimi.

Na bado nikanyamaza, wanangu. Juni likakaa baraza la heshima kumhukumu Osip, kama ilivyo ada yetu ugenini, wazee watatu meza moja, na mwenyekiti alikuwa Arsenti Pavlovich, huyu huyu anayeshika leo orodha ya treni. Akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako. Ndugu Grankin, mbona wewe umerudi mzima?" Osip akajibu, "Nilikwenda siku niliyoambiwa." Barua hazikuwapo, tulikuwa tukizichoma tukishasoma. Wakaniuliza mimi. Nikasema nilimwandikia Matvei tarehe nane. Arsenti akahesabu kwa vidole, kwa sauti, nane na kumi na mbili, ishirini, sawasawa! Na wasomi wote wale wakatikisa vichwa kukubali.

Hapo Osip akainua macho. Fundi saa, mtu wa kuhesabu hata nukta. Akanitazama usoni, akalitazama tumbo langu, nikajua amejua. Neno moja tu lingemwokoa. Nililingoja. Akasema, "Sina la kuongeza," akavaa kofia yake, akatoka.

Miaka kumi na saba! Hakuna aliyempa mkono, hakuna aliyemuuzia gazeti. Nikikutana naye njiani ni yeye anivuliaye kofia, mimi nainamisha uso. Nilijidanganya kwamba labda hakujua. Siku ya mazishi Taisia akanipa bahasha, ndani mna karatasi ya kalenda ya kubandua, ya siku ile, ina tarehe zote mbili, saba na ishirini. Nyuma kaandika: "Varvara Timofeyevna, nililijua palepale. Ungefukuzwa wewe, anwani zote zingepotea, na mtoto angezaliwa katika aibu. Nimemwona Platon akiteleza kwenye barafu. Anaanguka vizuri, hamlaumu mtu."

Nimeisoma kila usiku tangu siku ile. Nimeishi na watu wakubwa, nimesikia hotuba zilizowatoa watu machozi, lakini mtu kama yule sijaona, na nilikuwa nikivuka barabara nisimsalimu. Nilidhani mapinduzi tunayafanya sisi tunaosema.

Sasa nawaagiza. Jana Arsenti alimkatalia Taisia nafasi kwenye treni, eti binti wa msaliti. Ksenia, karatasi hii nimeiandika na kutia sahihi. Saa sita, watu wakiwa kwenye supu katika ukumbi wa kulia wa wakimbizi, simama kwenye benchi uisome yote, usiruke jina langu. Watawazomea. Watawaita watoto wa mwongo, nanyi msibishe, kwa kuwa ni kweli. Arsenti mwekeni ahesabu tena, kwa vidole vile vile. Kisha mwambieni nafasi yangu kwenye orodha, namba kumi na nne, ni ya Taisia Osipovna. Mkifika mji wa Pskov mtafuteni mama yake Matvei, mwambieni siku ilikosewa na nani. Akiwatemea mate, simameni mtemewe.

Platon, njoo... nipe mkono. Osip ndiye aliyekulinda kabla hujazaliwa. Ishi kama mtu aliyelipiwa ghali. Baraka yangu iwe juu yenu... sijui naiomba kwa nani, lakini naiomba. Mwendako kuwe na mkate, na wenzenu wasiwaogope...

Nani anabisha hodi? Ni yeye. Nilimwita mimi. Mfungulieni... Ingia, binti yangu. Ksenia, lile sanduku dogo, langu... lisogeze. Akae hapo.

Haya. Sasa kaeni kimya, nyote watatu.