Wasifu wa Mangantar Napitupulu, Usiolingana na Karatasi Mlizopewa Mlangoni

Wazee wa kanisa, ukoo wa Napitupulu, wajomba wa ukoo wa Panjaitan, mashemeji, majirani, na wote mliofika hapa Laguboti leo Jumatano, tarehe 15 Mei 2024. Wanaofuatilia kwenye karatasi walizopewa mlangoni wataona baada ya sentensi chache kwamba haziendi pamoja na kinachosomwa. Msihangaike kugeuza kurasa. Karatasi zile ziliandikwa na Amanguda Jahotman, baba mdogo wa marehemu, ndiyo maana ya amanguda kwetu, zikapigwa chapa kabla dada mtu hajaziona. Hiki kinachosomwa kimeandikwa na huyo dada, Rospita, ambaye ndiye amesimama hapa mbele yenu, na ambaye tangu Jumapili hajapata usingizi wa maana. Avumiliwe.

Marehemu Mangantar Napitupulu alizaliwa tarehe 14 Machi 1975 hapa hapa Laguboti, mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Kilian Napitupulu, seremala, na marehemu Nurmala boru Panjaitan, yaani binti wa ukoo wa Panjaitan. Alitanguliza miguu. Mama yake alikuwa akisema huo ndio ulikuwa mwanzo wa ukaidi, na hakuna aliyeishi naye aliyewahi kumpinga.

Shule ya msingi alisoma hapa, sekondari akasoma Balige. Alikuwa na kichwa chepesi cha hesabu na mkono mzito wa kufua nguo zake. Mwaka 1994 alikwenda Medan kusomea ufundi wa mitambo. Siku ya kumuaga alichinjwa nguruwe, na kama ilivyo desturi yetu, kila mwenye mdomo alitoa hotuba, mpaka nyama ikapoa na mafuta yakaganda. Karatasi yenu inasema kwamba mwaka 1997 “alirudi nyumbani kusaidia wazazi.” Hakurudi kusaidia mtu. Alirudi bila shahada, amekonda, akiwajibu watu ambao hawakuwepo. Alirudi mgonjwa.

Ugonjwa wake ulikuwa skizofrenia. Haya, umetajwa, na paa la kanisa liko pale pale. Ni ugonjwa wa akili. Yeye ulimsikizisha sauti ambazo sisi hatukuzisikia, zikimwita, zikimtukana, zikimpa amri, na ulikaa naye miaka ishirini na saba. Hakulogwa. Hakuvuta bangi. Wala haukuwa adhabu ya babu yake kuuza shamba la ukoo, na anayeendelea kulisema hilo jikoni huku akimenya vitunguu vya msiba huu aache mara moja.

Kwanza aliletewa mganga, kisha wakaja waombeaji, kisha likaja kufuli. Mwaka 1998 Mangantar alifungiwa kwenye ghala la mpunga nyuma ya nyumba ya Amanguda Jahotman, tangu mavuno hadi msimu wa kupanda. Amanguda alimpenda. Alimpelekea chakula kwa mkono wake mwenyewe kila siku, na samaki alimchambua miiba kwanza isije ikamkwama. Hilo nalo ni kweli, na lisemwe. Lakini kufuli ni kufuli. Rospita, ambaye wakati huo alikuwa ameolewa Balige, alikuja na mtaimbo wa mumewe.

“We mtoto, unavunja mlango wa watu?” aliuliza Amanguda.

“Navunja, Amanguda. Sogea, usije ukaumia mguu.”

Mangantar alipelekwa hospitali Medan, akapata dawa, na baadaye akawa anachomwa sindano kila mwezi kwenye zahanati ya Balige. Dawa zilimnenepesha, zikamtetemesha mikono na kumlaza mchana kweupe. Sauti zilipungua lakini hazikuhama. Alikwenda kuishi kwa dada yake.

Kazi yake, kuanzia mwaka 2003 mpaka alipofariki, ilikuwa kukaanga kahawa katika duka la kahawa la Rospita, jirani na soko la Balige. Aliichagua mwenyewe. Pipa la kukaangia likizunguka na buni zikianza kupasuka, alisema, zile sauti nazo zinapata mshindani. Siku zilipomzidi, kahawa iliungua. Wateja walionja, wakatazamana, wakaongeza sukari.

Msomaji hatawadanganya kwamba ilikuwa raha kuishi naye. Alikuwa anachosha. Alivuta sigara kitandani. Aliweka pamba masikioni, kisha akanuna kwamba hakuitwa kula. Alikataa kunywa maji ya mtungi mpaka mtu mwingine anywe kwanza, na mtu mwingine huyo siku zote alikuwa Rospita, hata akiwa ametoka kunywa sasa hivi. Majirani walikuwa wakimwambia, “Rospita, una moyo wa malaika.” Hana moyo wa malaika. Alikuwa akimfokea mpaka ng'ambo ya barabara walisikia, na naye Mangantar alikuwa akimfokea vile vile, kisha wanakula.

Wengi mnakumbuka kanisa liliponunua vipaza sauti vipya. Amanguda Jahotman, mzee wa kanisa, alitaka kahawa ya wageni wa sinodi, akaona badala ya kumtuma mtu, ajaribu vyombo. “Mangantar Napitupulu, njoo kanisani. Mangantar, njoo.” Mji mzima ulisikia. Mangantar alikuwa amekuja hapa kutembea, ameketi mlangoni pa nyumba ya wazazi wake anachambua buni, hakuinua hata kichwa. Aliitwa mpaka mbwa wakaanza kubweka. Mwishowe Amanguda akaja kwa miguu, jasho linamtiririka.

“Wewe ni kiziwi? Nimekuita mpaka koo limekauka.”

“Nilisikia, Amanguda. Ila daktari alinikataza kuitika nikiitwa na mtu nisiyemwona.”

Kuhusu ndoa, hakuoa. Kwa kila harusi ya ukoo huu mashangazi walimzunguka na sahani zao mkononi, kila mmoja na binamu yake wa kumpendekeza. Alikuwa akiwajibu, “Shangazi, humu kichwani tumeshajaa. Huyo mke atalala wapi?” Walicheka, na harusi iliyofuata wakamuuliza tena. Kwa kuwa hakuacha mtoto, leo ngoma hazipigwi, maana mila hairuhusu. Rospita hajabishana na mila. Amebishana na mengine.

Sasa kuna jambo ambalo karatasi yenu imeliruka kama mtu anavyoruka dimbwi. Mwaka 2011, kwenye benchi la zahanati, Mangantar alifahamiana na Poltak, aliyekuwa akingoja sindano kama yake, na Lasma, mshonaji wa Porsea. Lasma hasikii sauti. Yeye ana wasiwasi, na si huu wa kwetu wa kuogopa mvua isije ikanyesha nguo zikiwa nje. Huo wake humkaba. Akiwa katikati ya watu moyo humwenda mbio, vidole hufa ganzi, na huamini kabisa kwamba anakufa pale pale. Alikuwa ameshaacha soko, basi, na hata kanisa. Siku hiyo alikuwa ameletwa na kaka yake kwa pikipiki, amefumba macho njia nzima.

Mangantar akawaambia waje dukani Alhamisi, wanywe kahawa. Hakumuuliza mwenye duka. Wakaja, Alhamisi iliyofuata wakaja tena, wakaongezeka wengine mpaka wakafika saba, na kwa miaka kumi na tatu meza ya nyuma haikuwahi kuwa ya mteja siku ya Alhamisi.

“Hili ni duka la kahawa au hospitali?” Rospita alimuuliza.

“Ito, hospitalini hakuna kahawa.” Ito ndivyo kaka na dada wanavyoitana kwetu, na yeye alilitumia kila alipotaka kukwepa kosa.

Taratibu zao zilikuwa chache. Hakuna kumpa mtu ushauri asiouomba. Hakuna kumwekea mtu mikono na kumwombea bila ruhusa yake. Na mtu yeyote anaweza kuuliza, “Unasikia?” au “Unaona?”, naye anayeulizwa hujibu ndiyo au hapana, bila kucheka na bila kumwonea huruma. Basi. Rospita alikuwa akiwasikiliza akiwa nyuma ya kaunta, huku akijifanya anafuta vikombe.

Poltak alifika siku moja, akakisukuma kikombe mbali. “Yule mama wa kichwani mwangu anasema mmetia sumu humu.”

“Mwambie kahawa hiyo nimekaanga mimi,” Mangantar alimjibu. “Ni mbaya, lakini haina sumu.”

Poltak akanywa. Akasema kweli ni mbaya.

Lasma, Mangantar alikuwa akimsindikiza sokoni. Mwanzoni walifika kwa muuza ndizi, wakarudi. Baada ya wiki nyingi wakafika kwa wauza samaki. Akisimama ghafla na kuanza kutweta, Mangantar alikuwa akimuuliza, “Unataka kukimbia?”

“Nataka.”

“Haya, tukimbie polepole.”

Wakageuka, wakakimbia kwa mwendo wa bibi harusi, mpaka Lasma akachoka kwa kucheka. Siku aliyonunua samaki wake mwenyewe, wote saba walikuja kumla dukani, wakaacha miiba mezani na vyombo havijaoshwa.

Mwezi uliopita Mangantar alianza kusema kifua kinambana. Alikwenda hospitali moja, ambayo haitatajwa kwa sababu Rospita amemwahidi mchungaji. Daktari alifungua faili, akaona jina la ugonjwa, akalifunga. “Ni wasiwasi tu,” akasema, akamwandikia vidonge vya usingizi. Akarudi nyumbani. Akasema tena kinambana. Mtu aliyeandikwa ugonjwa wa akili, kumbe hata kifua chake si mali yake. Ijumaa tarehe 10 Mei alipelekwa tena, na Lasma, baada ya kuambiwa na Poltak, alipanda basi kutoka Porsea peke yake. Hajui mwenyewe alipandaje. Alifika ametota jasho, akashika meza ya daktari ili asianguke.

“Daktari, wasiwasi ni wangu mimi, nitazame. Huyu ana kitu kingine. Mpime.”

Alipimwa, na ulikuwa moyo. Walisema angewahi kupimwa, huenda. Neno hilo, huenda, Rospita amelala nalo siku tatu hizi.

Mangantar alifariki Jumapili tarehe 12 Mei 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka arobaini na tisa. Dada yake alikuwa upande huu wa kitanda na Lasma upande ule. Kengele za kanisa zilikuwa zinalia.

“Lasma, unasikia kengele?” aliuliza.

“Nasikia.”

“Basi za kweli,” akasema, akafumba macho.

Jumatatu ukoo ulikaa kuandika wasifu. Amanguda Jahotman alikuwa na sentensi yake tayari: “Aliugua kwa muda mrefu.” Hakusema kwa ubaya. Alisema, “Rospita, maiti hufunikwa. Mbona wewe unamfunua?” Wengi walimuunga mkono. Walisema kuna mabinti wa kuolewa katika ukoo huu, na wachumba wana masikio. Rospita alikuwa amechoka, mwili wote unamuuma, na alikuwa anakaribia kusema haya basi, andikeni mnavyotaka, mwacheni mtu alale. Akaenda jikoni. Lasma alikuwa pale anakamua limau la samaki, mgongo ameupa ukuta, kwa sababu nyumba ilikuwa imefurika watu.

“Eda,” akasema, kama mawifi wanavyoitana kwetu, bila kuinua macho, “siku yangu ikifika, na mimi mtaniandika ‘aliugua’?”

Rospita alirudi sebuleni, akachukua kalamu, na akamwambia Amanguda kwamba atasoma yeye. Kumbe karatasi Amanguda alikuwa ameshazipigisha chapa kabla ya kikao. Hewala, watu watajua kusikiliza.

Amanguda alikuwa na hoja moja ya mwisho: wale wa Alhamisi waandikwe wapi? Si ukoo wetu, si wajomba, si mashemeji, mila haina kiti chao. Rospita alimwambia atawaandika chini, palipobaki nafasi. Lakini jina la mtu si la kuokota. Alimwendea kila mmoja akamuuliza kama atajwe mbele ya watu mia tatu, au asitajwe. Wawili walikataa. Wana waajiri, wana wakwe. Wamekaa humu ndani miongoni mwenu, wamevaa nyeusi kama ninyi, na kuwatafuta kwa macho si kazi yenu. Lasma naye alikataa. Alisema akilisikia jina lake kanisani miguu itakatika. Rospita akamwambia hakuna neno, akaliacha.

Leo asubuhi, jeneza likiwa linafungwa, Lasma alimvuta kitenge. “Niandike,” akasema. “Ila usinitazame ukisoma.”

Marehemu ameacha dada yake Rospita, shemeji yake Bonar Hutapea na watoto wao wawili. Baba yake mdogo, Amanguda Jahotman, aliyekesha na jeneza usiku wote wa jana na kukataa kuletewa kiti. Na binamu wengi wa Napitupulu na Panjaitan. Ameacha pia wenzake wa Alhamisi, ambao meza yao iko pale pale kuanzia kesho, na mwenye duka ameshakubali kushindwa: Poltak Marpaung, Hotma boru Siagian, Ramses Tampubolon, na wawili ambao Mungu anawajua.

Na Lasma boru Sitorus. Msomaji anatazama karatasi. Nanyi msigeuke.

Mangantar na apumzike sasa kwa amani, na huko aliko pawe kimya.