Kiti Kisichorithiwa Pamoja na Nyumba

Sogeeni karibu, wanangu. Shalmani, kaa upande huu ninaosikia vizuri, na wewe Marta liache hilo bakuli la dengu, sitakula tena, uje ukae na kaka yako. Maana nataka kusema yaliyo yangu kabla pumzi haijanikatikia njiani, na wazee wa kanisa wanaongoja pale uani penye kinu wataendelea kungoja kidogo.

Nyumba hii ni yenu ninyi wawili. Kinu cha kukamulia zeituni ni cha Shalmani, pamoja na yule punda mjeuri asiyezunguka mpaka aimbiwe. Miti ya zeituni ya mlimani, juu ya barabara iendayo Antiokia, ni ya Marta, wala mtu asimwambie kwamba mwanamke hapewi miti, kwa kuwa nyumba hii yenyewe ilikuwa ya mwanamke, bibi yenu Tabitha aliyemzaa mama yenu, naye ndiye aliyewafungulia waaminio mlango wakati watu wa mji huu walipokuwa wakivuka njia ili wasitusalimu. Na jirani yetu Zabdai, niliyegombana naye juu ya mfereji wa maji mpaka nikamwita jina lisilofaa kutamkwa na Mkristo, mpelekeeni mtungi wa mafuta ya mkamuo wa kwanza, mkamwambie Malku anaomba radhi. Akicheka, chekeni naye.

Sasa jambo lililo zito. Shalmani, jana nilikuwa nimefumba macho tu, sikuwa nimelala. Nilikusikia hapo mlangoni ukimwambia dada yako, "Kanisa linakutanika kwetu, meza ni yetu, kiti cha baba kiko kwetu. Nani mwingine atakikalia?" Naye akakujibu, "Kwani kiti nacho ni punda, useme umekirithi?" Nilitaka kucheka, kifua kikakataa. Sikukasirika, mwanangu. Mtu aliyekuwa akiwekewa kikombe mezani tangu hajaota meno anakosaje kuiona meza kuwa ya kwao? Tena najua wanayobishania huko uani: mzee Barlaha anasema mitume wamekwisha kufa, basi watuongoze manabii, ambao Roho husema kwa vinywa vyao, wengine wanawataka wazee wote kwa pamoja, wengine wanataka mwangalizi mmoja wa kanisa lote, kama nilivyokuwa mimi na kama ilivyo Antiokia, na wote wanangoja nitaje jina.

Acheni kwanza niwasimulie siku niliyoogopa. Ilikuwa baada ya nzige kula mashamba yetu, Shalmani ukiwa bado mgongoni kwa mama yako, nami nilikuwa nimewekewa mikono juzijuzi niwe mwangalizi, nikitembea mjini kama jogoo. Akaja nabii mmoja kutoka ng'ambo ya mto Frati, jina lake Agbari, mwembamba, miguu imepasuka kwa vumbi, na katikati ya sala akapaza sauti: "Andaeni meza!" Desturi yetu mnaijua: nabii akiagiza meza katika Roho, yeye mwenyewe hali chakula kile, na akila, ni mwongo. Basi bibi yenu akatoa unga wa mwisho, mkate ukaokwa, zeituni na samaki wakavu wakaletwa, na kusanyiko lote likakaa likiutazama mdomo wa Agbari. Hakuna aliyetazama kitu kingine. Mashemasi wakasahau kugawa. Watumwa wa kinu walikuwa wamesimama nyuma, njaa imewabana, na mmoja wao, Nuhra, akaanguka chini.

Ndipo Agbari akacheka, cheko la mtu aliyechoka. "Mnaulinda mdomo wangu kama wa mbuzi aliyeingia shambani," akasema. "Mimi sitakula, tulieni. Hawa je, nani amewakataza kula?"

Tuliona aibu, nikamnyanyua Nuhra kwa mikono yangu. Lakini kiburi hakikunitoka. Ilipofika wakati wa kushukuru juu ya mkate, nikamwahi Agbari, nikasema, "Ndugu, hapa mwangalizi ni mimi."

"Nani kasema?"

"Wazee walioniwekea mikono."

"Na mimi aliyenituma unamjua."

Mara bibi yenu Tabitha akatoka jikoni, unga mpaka kwenye nyusi. "We mkwe, nawe mgeni," akasema, "nyumba yangu, unga wangu, kuni zangu, nanyi mnagombea shukrani! Basi na mimi nidai, tuwe watatu!"

Watu wakacheka. Kisha cheko likakatika lenyewe, wanangu. Agbari aliuchukua ule mkate. Haki ya kushukuru nabii anayo, hakuna ambaye angemzuia. Akaja nao mpaka mbele yangu, akauweka mikononi mwangu, akapiga magoti pale chini kando ya Nuhra, yeye nabii ambaye tumbo lake lilikuwa tupu na angeendelea kuwa tupu. Akasema, "Shukuru, ndugu. Sisi tutasema Amina."

Nikafumbua kinywa nishukuru. Nilijua, kama mtu anavyojua kwamba kuna mtu gizani ingawa hamwoni, kwamba Mwenye meza yumo chumbani, na ya kwamba si mimi, si Agbari, wala si Tabitha. Nilishukuru nikilia, na Amina ya nabii yule mwenye njaa ilikuwa kubwa kuliko zote. Tangu siku ile nimekikalia kile kiti, na hakuna Siku ya Bwana ambayo sikukiogopa.

Kwa hiyo sitaji jina. Nikiisha kuzikwa, kanisa lifunge na kuomba, waitwe wazee wa miji ya jirani, watu wote wachague, na Nuhra awe na neno lake kama Barlaha. Akichaguliwa Barlaha, mfungulieni mlango huu kila Siku ya Bwana, mmwekee kikombe. Ukichaguliwa wewe, Shalmani... tetemeka kwanza, ndipo ukae.

Maji, Marta. Kidogo tu. Inatosha.

Bwana awalinde. Punda wenu asichoke, miti yenu izae, na mlango huu... usifungwe kwa mwenye njaa. Marta, binti yangu, Mungu akupe nguvu kama za bibi yako, na ulimi wako huo asiupunguze.

Shalmani, naona umepiga magoti. Unangoja mkono wangu kichwani, kama baba anavyombariki mzaliwa wa kwanza. Mwanangu, mlango uko wazi... wale wanatutazama. Wakiuona mkono wa mwangalizi juu yako, kesho nusu watasema umewekwa, nusu watasema hukuwekwa, na kanisa litapasuka juu ya mwili wangu. Marta... ifunike mikono yangu kwa shuka. Yote miwili. Hivyo.

Usilie. Sikunyimi. Lete paji lako la uso hapa, karibu... karibu zaidi, siwezi kuinuka.

Hilo ni busu la baba. La baba tu, mwanangu.

Sasa waiteni waingie.