Mirija, Mabomba na Gari Lililoegeshwa

Kijiwe chetu kiko nyuma ya jengo kubwa la ofisi, na asikudanganye mtu kwamba tunakutana pale kwa sababu tunapendana. Tunafuata hewa. Bomba la bati linalosambaza baridi ya kiyoyozi linatokeza ukutani, linapita juu ya vichwa vyetu na kuingia tena ndani, na pale kwenye kiungo limeachia. Ubaridi wanaoulipia wenye ofisi unatushukia sisi utosini, bure, asubuhi hadi jioni. Chini ya tundu hilo kuna benchi la mbao, meza yangu ya kushonea viatu, jiko la muuza kahawa, na teksi ya dereva wetu Gia iliyoegeshwa pembeni, mlango wazi ili asikilize redio. Ukitaka kuona wanaume wanavyoweza kujua mambo yote na wasifanye hata moja, njoo ukae hapo kidogo.

Siku hiyo Fundi Hewa alikuja mbio, vifungo vya shati amevikosea. Yeye ndiye anayetunza viyoyozi vya lile jengo, na ndiye aliyeliacha tundu letu bila kuliziba, kwa makusudi, kwa hiyo tunamheshimu kuliko mwenye jengo.

— Gia, washa gari! Mke wangu ana homa kali. Ziwa la kushoto limevimba, limekuwa gumu kama jiwe, mtoto analia tangu usiku. Mama mkwe kasema tumpeleke hospitali sasa hivi.

Gia akanyanyuka. Nasema haki, alinyanyuka, funguo mkononi. Kama angeondoka kimyakimya nisingekuwa na la kusimulia. Lakini huku anatafuta kiatu kimoja kwa mguu chini ya benchi, akauliza:

— Kwani limefanyaje?

— Jirani kalishika, anasema mirija ya maziwa imeziba.

Basi. Benchi zima likavuta pumzi kwa raha.

— Imeziba? — akasema Daktari, akaweka kikombe chini. — Hebu kaa kwanza.

Daktari si daktari. Alikuwa mlinzi wa lango la hospitali mpaka walipomfukuza, na kwa kuwa aliona wagonjwa wengi wakipita mbele yake, anaamini amesomea.

— Siwezi kukaa, kaka. Gari...

— Gari si hilo hapo? Linakwenda wapi? Ukifika hospitali wakikuuliza imezibaje, utajibu nini? Utatutia aibu sisi watu wako. Kaa.

Fundi Hewa akakaa, nusu kalio. Gia alipoona mwenye haraka amekaa, naye akakaa. Muuza kahawa, ambaye hajawahi kuona balaa asiloliuzia kikombe, akamimina.

— Sasa sikiliza, — Daktari akaanza, sauti ameishusha kama yuko wodini. — Mwili wa binadamu una mirija. Kuna ya maziwa, kuna ya machozi, kuna ya mate, kuna ya nyongo. Yote hiyo ni ndugu. Inakutana sehemu moja.

— Wapi? — nikauliza, uzi mdomoni.

— Kwenye ini.

— Mate yanatoka kwenye ini?

— Wewe shona viatu. Fundi, shemeji alilia lini mara ya mwisho?

— Analia sasa hivi!

— Kabla ya ugonjwa.

— Sijui. Mke wangu ni mtu wa kucheka.

— Mmemsikia! — Daktari akapiga paja. — Halii huyo. Machozi yamekosa mlango wa machoni, yakashuka yakaingia kwenye mirija ya maziwa. Na machozi yana chumvi. Chumvi imeganda. Hapo ndipo palipoziba.

Nilingoja mtu acheke. Hakuna. Gia alikuwa anatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyefumbuliwa fumbo.

— Chumvi, chumvi! — akadakia Ng'ambo. — Tatizo lenu hamjatembea.

Ng'ambo aliwahi kukaa nchi ya theluji, akiosha vyombo kwenye hoteli, akarudi na koti zito ambalo halivui hata jua likiwa la kuchoma. Ndiyo maana hukaa katikati kabisa ya benchi, tundu liwe juu yake, na asimpishe mtu.

— Kule nilikokuwa, nyumba zinapashwa joto. Chini kabisa kuna tanuri. Kutoka kwenye tanuri yanapanda mabomba, kila chumba na bomba lake. Sebuleni joto, chumbani joto, chooni joto. Sasa mwili nao ni nyumba. Tanuri ni tumbo. Ziwa ni chumba cha mbele. Shemeji ana homa, maana yake nini? Tanuri linawaka, joto halina pa kutokea. Hiyo siyo kazi ya hospitali. Fungueni madirisha.

— Madirisha ya nyumba au ya shemeji?

— Yote. Apigwe na ubaridi. Tena mlete hapa hapa chini ya tundu, afungue kifua.

— Nimlete mke wangu kijiweni afungue kifua? — akauliza Fundi Hewa.

— Si tutageuka?

— Wee! Baridi itamuua huyo! — Daktari akasimama. — Chumvi inayeyushwa kwa maji ya moto. Moto, bwana, moto!

— Moto juu ya moto? Umewahi kuona wapi?

— Nimeona hospitali!

— Umeona lango!

Hapo zikaanza kelele. Huyu moto, huyu baridi, mate yanaruka mpaka kwenye viatu vya wateja wangu. Gia akataka kuwapatanisha, akasema apewe vyote viwili, kwanza moto kisha baridi, akatoa mfano wa rejeta ya gari iliyochemka ambayo yeye mwenyewe aliipasua kwa kuimwagia maji ya barafu. Hakuona kama mfano huo unamkana. Kahawa ikamiminwa tena.

Simu ya Fundi Hewa ikalia. Akaitazama, akaruka wima kana kwamba aliyepiga anamwona.

— Ndiyo, mama. Ndiyo, nimempata. Tunakuja, mama, tuko njiani.

Akakata, akamgeukia Gia.

— Kaka, twende basi.

— Tunakwenda, namalizia hiki tu. Kahawa ya moto huwezi kuimeza kama maji. Lakini wewe mwenyewe, fundi wa mabomba mzima, umekaa tu unaangalia? Hujafanya lolote?

Nilijua Gia hakukusudia ubaya, lakini hilo ndilo lililomfunga yule kijana pale benchini. Ukitaka kumchelewesha fundi, muulize kuhusu ufundi wake. Uso ukamchangamka, akakaa, safari hii kalio lote.

— Nikae hivi hivi mimi? Juzi lilipoanza kuuma nilishachukua hatua. Bomba lina matawi. Tawi likiziba, unalifunga pale shingoni, hewa yote unaipeleka matawi mengine mpaka upate nafasi ya kulisafisha. Nikamwambia mke wangu, upande wa kushoto upumzike. Mtoto anyonye kulia tu.

— Ukafunga kushoto? — akauliza Daktari.

— Nikafunga.

— Hiyo ndiyo akili!

— Na maumivu yakapungua? — nikauliza mimi.

Fundi Hewa akafikiri.

— Yakazidi.

— Ndiyo dawa inafanya kazi hiyo, — akasema Ng'ambo.

Mimi sijui tofauti ya mrija na kamba ya kiatu, lakini hilo halikuniingia akilini. Kiyoyozi kina swichi. Mwanamke aliyejifungua hana swichi, maziwa yanakuja tu. Nilitaka kusema hivyo. Lakini benchi lile lina uchawi wake, mtu akifungua mdomo hakimtoki alichokusudia. Kilichonitoka ni kwamba ngozi iliyokakamaa hupakwa mafuta, ikalazwa, kisha ikagongwagongwa kidogo kwa nyundo. Na wallahi nilipata wa kuniunga mkono. Muuza kahawa aliuliza nyundo ya ukubwa gani.

— Nyote mnazunguka tu, — Gia akasema, funguo zikizunguka kidoleni pake kama feni. — Mimi petroli ikigoma kupita nafanyaje? Natia mpira, naweka mdomoni, navuta mara moja kwa nguvu, kitu kinakuja chenyewe. Hapo moto wa nini, baridi ya nini, nyundo ya nini? Hapo panatakiwa mvutaji.

— Si mtoto yupo?

— Mtoto kazaliwa juzijuzi tu, ana mapafu gani? Panatakiwa mtu mzima. Mwenye uzoefu. Anayejua kuvuta bila kumeza.

— Kama nani? — Fundi Hewa akauliza, na nilimwona anakunja ngumi.

— Mimi sijamtaja mtu, natoa elimu tu. Inavutwa hivi.

Gia akakibandika kikombe mdomoni, akavuta mashavu ndani mpaka macho yakamtoka pima.

— Unaona? Mashavu yanaingia. Hivi. Hivi tena.

Hakuna aliyecheka, kwa sababu hakuna aliyekuwa anamtazama tena. Nyuma yake alikuwa amesimama mama mkwe wa Fundi Hewa.

Alikuja kwa miguu. Mtoto alikuwa mgongoni kwake, amelala kwa kuchoka kulia, pumzi inamkatikakatika. Mkono wake mmoja ulimshika binti yake kiunoni. Shemeji alikuwa amejifunika shuka zito katika jua lile, anatetemeka, jasho linamtiririka, mkono wa kushoto ameuinua mbali na ubavu kama mtu aliyebeba yai kwapani. Yule mwanamke ambaye kila tukipita kwake hutukaribisha kwa kicheko kutoka dirishani, hakuinua hata macho.

— Shikamoo, mama, — tukasema wote, kwa sauti za watoto wa shule.

— Marahaba.

Kikombe kikamtoka Gia mdomoni kikaanguka chini. Mama akaitazama teksi, mlango wazi, redio inaimba. Akazitazama funguo kidoleni pa Gia. Mwisho akamtazama mkwewe, na mkwewe akatazama chini.

— Gari lenyewe ndilo hili?

— Ndiyo, mama.

— Na dereva?

— Ndiye mimi, mama.

— Limeharibika?

— Hapana, mama. Ni zima kabisa.

— Lina mafuta?

— Yamejaa.

— Sasa mlikuwa mnangoja nini?

Aliuliza taratibu, bila kupaza sauti. Angetutukana ingekuwa nafuu, tungejua pa kujitetea. Alikuwa anauliza kweli na anangoja jibu. Daktari, mwenye mirija yote ya mwili kichwani, akaanza kuchunguza kucha zake. Ng'ambo akafunga vifungo vya koti. Mimi nikachukua kiatu nilichokwisha kukishona nikakishona tena. Juu yetu ile hewa ya bure ilikuwa inavuma tu. Muuza kahawa, kwa kukosa la kufanya, akainamisha birika juu ya kikombe. Halikutoka hata tone.

— Mama, twende, — akasema shemeji.

Wakaingia garini. Fundi Hewa akakimbilia mlango wa mbele, lakini mama mkwe alikuwa ameshauvuta.

— Wewe baki, baba. Umalize kahawa yako.

Gia, ambaye tulimpa jina hilo kwa kukokota gari, siku hiyo alitimua vumbi. Na Fundi Hewa akakimbia nyuma ya gari, shati limemtoka kwenye suruali, analipigia kelele lisimame. Halikusimama. Tukamwangalia mpaka akapotea kwenye kona.

— Mimi lakini, — akasema Daktari vumbi lilipotulia, — ile chumvi bado sijaiondoa kwenye hesabu.

Nikamwambia anyamaze. Nilimwambia kwa ukali mpaka nikajishangaa, maana hakuna hata neno moja nililomwambia wakati lilipokuwa na faida.

Shemeji alipona. Gia ndiye aliyetuletea habari, kwa sauti ndogo isiyo yake. Walimpa dawa, wakasema angechelewa kidogo tu wangelazimika kumpasua. Mtoto wakataka aendelee kunyonya, na aanzie upande ule ule wa kushoto, maana maziwa yaliyofungiwa ndani ndiyo yaliyozidisha balaa. Fundi Hewa alipofika hospitali kwa mbio zake, nesi aliuliza ni nani aliyemshauri mama aufunge upande ule.

— Fundi akajibuje? — tukauliza.

— Alitazama dari, — Gia akasema. — Kulikuwa na bomba la hewa pale juu.

Siku chache baadaye tukamwona Fundi Hewa anakuja na ngazi. Tukafurahi, tukamsogezea nafasi, muuza kahawa akamwinulia kikombe. Hakukipokea. Alisimamisha ngazi katikati ya benchi, ikabidi Ng'ambo ahame, akapanda, akatoa koleo na ule mkanda wa kunata unaong'aa. Akakaza kiungo. Akazungusha mkanda, akazungusha tena, akaugandamiza kwa kiganja. Mvumo ukapungua, ukapungua, ukakoma. Joto la barabara likatuingia hapo hapo. Ng'ambo akaanza kufungua koti.

— Fundi, — akaita Daktari, ameshika miguu ya ngazi, — sasa sisi tutakaa wapi?

Fundi Hewa akashuka mpaka chini, akaifuta mikono kwenye suruali.

— Majumbani kwenu, — akasema.