Gaudiosa Kapinga na Mwaka wa Habari Mbaya

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Gaudiosa Kapinga anatimiza umri wa miaka sitini na kuiaga redio yetu ya jamii hapa Mbinga, baada ya kusoma habari kwa miaka ishirini na sita. Wiki hii ameshaondoa vitu vyake mezani, akavirudisha, akaviondoa tena. Hakuna aliyeshangaa. Mama Gaudi hajawahi kutulia.

Alikuja mwaka 1999 akiwa mpiga chapa. Siku moja ya masika, basi lililokuwa linamleta msomaji wa habari lilikwama kwenye matope karibu na Kitai, na ilipofika saa saba mchana hapakuwa na mtu mbele ya maikrofoni. Akaingia yeye. Kabla ya habari ya kwanza aliwaamkia wasikilizaji, "Shikamooni," kwa sababu alijua mama mkwe wake anasikiliza kule Namswea, na hakuona angewezaje kusema mbele ya mkwe bila kumwamkia. Msomaji mwenyewe alipofika jioni, suruali imelowa tope hadi magotini, alikuta watu getini wanauliza yule mama ni nani.

Baadaye aliongoza dawati la habari. Yeye ndiye aliyeanzisha taarifa za magonjwa ya kahawa kwa wakulima wa milimani, na taarifa za upepo kwa wavuvi wa Ziwa Nyasa. Wavuvi walimshukuru kwa usipa, na ofisi nzima ilinukia samaki hadi Jumatatu.

Lakini anayeandika habari za Mama Gaudi hawezi kuuruka mwaka 2015.

Ulianza vibaya. Mwezi Januari alisoma mauaji ya Baga, Nigeria, na wiki ile ile mashambulizi ya Paris. Zilikuwa habari za mbali, na alizisoma kwa sauti yake ile ile iliyonyooka. Kisha ikafika Alhamisi Kuu, tarehe 2 Aprili, magaidi wakavamia chuo kikuu cha Garissa, Kenya. Mchana tulitangaza vifo kumi na tano. Ilipofika usiku, idadi ilikuwa imepita mia moja na arobaini.

Garissa haikuwa mbali tena. Sista Restituta, binti wa Bibi Ephrasia wa Lipingo, kijiji cha kule ziwani, alikuwa akifundisha chekechea ya shirika lake katika mji huo. Simu yake haikupatikana. Kabla hata ya ibada ya jioni kwisha, picha ya mtawa aliyelala chini, uso hauonekani vizuri, ilikuwa inazunguka kwenye simu za watu, na mtu asiyejulikana alikuwa ameiandikia jina la Restituta.

Ijumaa Kuu asubuhi, kaka yake, Ildefonsi, alifika studio kwa bodaboda, amelowa mwili mzima.

"Shikamoo dada. Nimeleta tangazo la msiba."

"Marahaba, mdogo wangu. Pole. Nani amemwona?"

"Picha ipo."

"Picha nimeiona. Nauliza nani amemwona Restituta."

Ildefonsi alisema ndugu wa Kitai na Namswea wasipoambiwa leo watailaumu familia kwamba imewaficha msiba. Mama Gaudi akamwambia wamlaumu yeye. Meneja wetu wa wakati huo akaingilia kati: familia imeshasema, basi mzigo ni wa familia.

"Familia wameleta maneno," akajibu, "lakini sauti itakayotangaza ni yangu. Sitamzika mtu ambaye hakuna aliyeuona mwili wake."

Ildefonsi alitoka na maneno ambayo hayafai kuchapishwa katika jarida la wafanyakazi. Ndugu aliwapigia simu mwenyewe, nao wakaanza safari.

Mama Gaudi alisoma habari za mchana, kisha akaomba gari la ofisi. Mwandishi wa wasifu huu ndiye aliyeshika usukani, na barabara ya kuteremkia ziwani siku hiyo ilikuwa utelezi mtupu. Lipingo tulikuta moto umewashwa, mabenchi ya kanisa yamepangwa uani, na Bibi Ephrasia ameketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha.

"Umeniletea habari?" akauliza.

"Sina habari, mama. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe."

Bibi akasogea na kumwachia nafasi mkekani. Hakuikalia kwa muda mrefu. Jioni ile na asubuhi ya kesho yake alikuwa akipanda na kushuka kile kilima cha nyuma ya nyumba, mahali penye mtandao mzuri zaidi, akitafuta namba za masista Nairobi, akiacha namba yake kwa kila aliyepokea. Ildefonsi alimpita kama hamwoni. Wanawake walisonga ugali wa matanga, na kila aliposhuka walimtazama usoni, halafu wakarudi kwenye vyungu.

Jumamosi, jua likiwa limepanda, namba ya Kenya iliita. Alisikiliza, akasema neno moja tu, "Subiri," kisha akateremka kilima mbio, mama wa miaka arobaini na tisa ndani ya kitenge, na kuiweka simu kwenye sikio la Bibi Ephrasia.

"Mama, shikamoo. Ni mimi, Tuta. Nasikia mnalia."

Bibi hakuitika. Alianza kumgombeza kwa Kinyasa, na aliendelea mpaka pumzi ikamwishia, ndipo akalia. Restituta alikuwa amepoteza simu katika purukushani za Alhamisi, na tangu hapo alikuwa hospitali akiwahudumia majeruhi.

Hakuna aliyeshangilia. Watu walikaa kama waliochoka. Ildefonsi ndiye aliyetangulia kusema, na alisema akitazama chini.

"Dada, watu wa Kitai wako njiani. Naomba tangazo."

Alilisoma kwa simu kutoka juu ya kilima, na wenzetu studio wakalirusha katika kipindi cha matangazo ya vifo: familia ya Bibi Ephrasia wa Lipingo inawajulisha ndugu, jamaa na marafiki kwamba Sista Restituta ni mzima, walioko njiani wanaweza kugeuza, au waje wale Pasaka. Wote walikuja.

Tulidhani angerudi Mbinga na furaha. Njia nzima ya kupanda milima alisema mara moja tu: "Wale wengine, mama zao bado wanapiga simu."

Tangu siku hiyo alisoma habari akiwa amesimama. Alisema kitini hapumui. Ilibidi tunyanyue maikrofoni, na tukawa tunasikia viatu vyake vikihama huku na huku kati ya habari na habari. Mwaka nao haukumpa nafuu. Ijumaa moja ya Juni ilileta msikiti wa Kuwait na ufukwe wa Sousse, Tunisia. Oktoba, Ankara. Novemba, Beirut, na kesho yake Paris tena, kisha hoteli ya Bamako.

Wikiendi ile ya Paris, meneja alitaka Beirut iondolewe ili Paris ipate nafasi. Wasikilizaji, alisema, wanataka habari kubwa. Mama Gaudi alizisoma zote mbili, kwa urefu ule ule, akaandikiwa onyo. Lilibandikwa ubaoni. Hakulibandua wala hakulijibu. Bamako ilipofika alifanya vile vile, na meneja hakuandika la pili.

Waliofundishwa naye leo wako redio nyingi, na swali lake la "Nani amemwona?" wanalo huko waliko. Kiti, ambacho hakikutumika kwa miaka kumi, anakirithi msomaji mpya, Glorious Nyoni.

Uongozi ulimwomba abaki kwa mkataba. Alishukuru, akakataa. "Nataka kusikia habari kama watu wengine," alisema, "nikiwa na ruhusa ya kuzima redio."

Mama Gaudi, asante kwa sauti yako, na kwa siku ulizokataa kuitoa. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, na asubuhi nyingi ambazo habari ya kwanza ni kama mvua imenyesha. Na ukituzima, hatutakasirika.

Pankras Ndunguru, fundi mitambo, kwa niaba ya wafanyakazi wote