Mama Futi na Mashine Iliyokaa Kimya Miaka Minane

Tarehe 30 Septemba Mama Futi anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika kitengo chetu cha ruzuku za elimu ya ufundi. Kwa wasiotufahamu, sisi ndio tunaosoma maombi ya shule zinazotaka cherehani, vifaa vya useremala au mashine za kuchomelea, kisha tunaamua nani apate ruzuku na nani asubiri mwakani. Yeye amesoma maombi mengi kuliko sisi sote, na ndiye pekee aliyeyasoma mpaka viambatisho.

Alianza kama mpiga chapa. Wakubwa wakagundua kwamba maombi yaliyopita mezani kwake yalirudi na maswali ya penseli pembeni, tena maswali yenye kichwa na miguu kuliko ya maofisa. Baada ya miaka minne wakampa uofisa. Tangu hapo shule mia mbili na kumi na nne zimepata karakana kwa saini yake. Mafundi umeme waliotufungia feni walisomea katika mojawapo, ndiyo maana walipofika walimwamkia yeye kwanza, mkurugenzi baadaye.

Sasa tuje kwenye lile analolitaja mwenyewe kila semina kabla mwingine hajalitaja. Miaka minane iliyopita aliidhinisha mashine ya kukereza chuma kwa shule moja ya sekondari, pale lami inapoishia. Maombi yalikuwa safi, picha zilivutia, naye hakwenda kuangalia. Mashine ilipofika haikupita mlangoni, wakabomoa ukuta. Ilipokwisha kuingia, fundi akauliza umeme wa njia tatu wa kuendeshea mashine uko wapi. Shule ilikuwa na umeme wa kuwashia taa tu. Mashine ikafunikwa turubai, ikageuka meza ya kuwekea madaftari. Mwalimu wa karakana akawa anaichora ubaoni, na wanafunzi wakakariri sehemu zake bila kuiona ikizunguka hata siku moja.

Angeweza kumtupia lawama muuzaji, au mkuu wa shule. Badala yake aliandika ripoti ya ukurasa mmoja, na sentensi ya kwanza ilisema kosa ni lake. Nyumbani, mumewe ambaye ni seremala alimcheka kwanza, kisha akamkabidhi futi yake ya chuma na kumwambia kwamba hata kabati la jikoni halitengenezwi kabla ya kupima mlango. Kuanzia hapo hajaidhinisha ombi lolote la mashine bila kwenda mwenyewe kupima mlango na kuulizia umeme. Jina la Mama Futi alipewa na walimu wakuu, ambao hawakuwa wakimtania sana.

Lakini mashine ile ilimkaa rohoni. Mwongozo wetu ulisema ruzuku hununua vifaa, haigharamii umeme wala ujenzi. Kila Januari akaandika pendekezo mwongozo ubadilishwe, na kila Machi likarudi limekataliwa. Mara saba. Mimi binafsi, naungama, nilimwambia anapoteza wino bure. Akanijibu kwamba wino ni wa ofisi, na mkono ni wake. Mara ya nane hakueleza mengi. Aliambatisha picha ya mashine chini ya turubai, na idadi ya wanafunzi waliohitimu ukerezaji bila kuigusa. Machi mwaka huu mwongozo ukabadilika.

Shule ikaomba upya, safari hii umeme na mlango mpana. Mama Futi akakataa kukagua ombi lenyewe, akisema mtu hajisahihishii mtihani wake, kwa hiyo nikatumwa mimi, futi yake mfukoni. Ombi likapita. Kisha nguzo za umeme zikachelewa wiki tano, na siku zake za kazi zikawa zinayoyoma. Hakulalamika, ila chai yake ilipoa mezani kila asubuhi, nasi tulijua kwa nini. Alitaka aione ikizunguka akiwa bado mtumishi wa kitengo hiki.

Tarehe 11 mwezi huu iliwashwa, akiwepo. Mwalimu wa karakana alikuwa ameshika chaki kwa mazoea, akaitia mfukoni. Wanafunzi wakakereza pini ya bawaba kwa ajili ya mlango mpya wa karakana, ule mpana. Mama Futi akatoa futi, akaipima mbele yao. Ilipungua milimita tatu. Akawaagiza warudie, bila kutabasamu, wakarudia, na ya pili ikaingia barabara. Hapo ndipo alipotabasamu, akafuta macho kwa kiganja, akaomba ile pini iliyopungua aichukue yeye. Alisema pini nzima ni ya shule, na yenye kosa ni ya kwake. Imo mkobani mwake mpaka leo.

Mama Futi, asante kwa penseli yako, kwa ukali wako wenye heshima, na kwa kutufundisha kusema tulikosea kabla hatujaulizwa. Tutakukumbuka sana, na hatuoni haya kulisema. Tunakutakia afya njema, mapumziko marefu na chai ya moto, pamoja na mumeo ambaye bado anakudai muda wa kupima kabati la jikoni. Futi uliyoniachia iko kwenye droo ya juu. Kesho asubuhi natoka nayo kwenda shule nyingine iliyoomba mashine, na mlango wa kwanza nitaupima mara mbili.