Mkono wa Mama Peniel Ulioingia Hadi Chini ya Gunia

Mama Peniel, ambaye kwenye faili anaitwa Marietha Antipasi, amefanya kazi katika kiwanda chetu cha mafuta ya alizeti hapa Singida kwa miaka thelathini na mmoja. Anastaafu rasmi Jumatatu, Juni 30, katikati ya msimu wa mavuno, yaani siku mbaya kuliko zote za kumkosa afisa ununuzi. Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi, Chrispin wa ghalani, kwa kuwa humu kiwandani hakuna anayenizidi mwandiko, wenye vyeti wakiwemo. Ipo sababu nyingine. Nitaisema huko mbele, nikishapata ujasiri.

Alianza mwaka 1994 akipepeta mbegu uani, akawa karani wa mizani, kisha afisa ununuzi. Vyeo vilibadilika, ila namna yake ya kupima mzigo haikubadilika. Juu ya gunia haangalii. Anakunja mkono wa gauni, anauzamisha mkono wa kulia hadi kwapani, anachota konzi kutoka chini kabisa na kuitikisa sikioni. Mbegu kavu hulia, yenye maji hunyamaza. Magauni yake yote yamechakaa upande wa kulia. Saa ya chai nilikuwa namwigiza, mkono ndani ya ndoo, sikio nimetega kama napigiwa simu kutoka Dodoma, na watu walicheka hadi chai ikawatoka puani. Naye alicheka, akaniambia nimesahau kukunja mkono wa shati.

Mjini, Bwana Bhagwanji wa duka la vipuri akimwona anavuka barabara alikuwa anaagiza chai mbili, maana alijua asubuhi yake imekwisha kwa kubishania bei. Lakini mwaka ule mikanda ya mitambo ilipoadimika mji mzima, ni yeye aliyetoa miwili chini ya meza. Mama Peniel alikuwa amemwomba aiweke tangu masika, wakati mkanda wetu haujaonyesha hata ufa.

Pamoja na hayo, kwa miaka ishirini na minane hakuwahi kukaa kwenye kikao cha wakuu wa idara. Alikaa kwenye benchi la nje, faili mapajani, akisubiri mlango ufunguliwe aambiwe akanunue nini. Sisi wote tuliona ni sawa. Kununua, tulidhani, ni kutumwa dukani, akili iko kwa wanaouza.

Juni 2022 alikwenda Rungwa kumuuguza mama yake. Wiki hiyohiyo dalali mmoja akamjia meneja wetu, Bwana Chediel, na malori matatu ya mbegu za bei nafuu. Meneja akaniuliza kama ni nzuri. Nikatazama juu ya magunia, nikasema safi kabisa. Basi wakulima wa Issuna walipofika na matrekta yao kama kila mwaka, ghala lilikuwa limejaa. Nilisimama getini, kalamu sikioni, nikawaambia wazee wa umri wa baba yangu wageuze, kiwanda si cha baba zao. Maneno hayo niliyasema mimi, na ndiyo ile sababu nyingine ya mimi kuandika wasifu huu. Hata shikamoo sikuwapa.

Mbegu za dalali zilikuwa na maji chini, na mchanga. Siku ya tatu mitambo ikaziba, mafuta yakatoka machafu. Tulisimama siku kumi na moja, vibarua wakarudishwa nyumbani, na wateja wetu wa Manyoni wakaanza kuchukua mafuta kwingine. Hapo ndipo wanaouza walipogundua kuwa hawana cha kuuza.

Mama Peniel aliporudi hakumgombeza mtu. Alipanda bodaboda hadi Issuna, na huko hakuomba mbegu. Aliomba fimbo. Siku mbili alipura alizeti na wenye shamba, akala walichokula, hadi Mzee Sostenes, anayeongoza kikundi chao, akamwambia, "Mama, inatosha sasa, utafanya tuonekane wavivu." Wakarudi kwetu kwa sharti moja: getini asimame yeye, siyo yule kijana.

Kikao kilichofuata, Bwana Chediel alitoka nje mwenyewe, akalibeba lile faili, akamvutia kiti. Tangu siku hiyo hakuna mteja aliyeahidiwa mafuta kabla Mama Peniel hajaulizwa mvua za Ikungi zinasemaje. Ila kiti hicho amekikalia miaka mitatu tu. Hili linatuuma, na litatuuma sana.

Mimi linaniuma zaidi. Mara nne aliniambia nifuatane naye Issuna, maana akiondoka atakayebaki getini ni mimi. Mara nne nilikuwa na sababu: mechi, malaria, mechi, mechi. Ukweli ni aibu.

Wiki iliyopita nilikwenda. Alinisimamisha mbele yao akasema, "Huyu ndiye aliyewageuza getini. Nimewaletea." Kisha akakaa kwenye kigoda. Nikazunguka na shikamoo, mmoja mmoja. Mzee Sostenes aliniangalia mpaka nikatamani ile malaria.

"Marahaba," akasema. "Mbona leo hujaja na kalamu sikioni?"

Walicheka wote, halafu akanipa fimbo. Nilipura hadi viganja vikatoka malengelenge, na Mama Peniel hakunisaidia hata kichwa kimoja cha alizeti. Jua lilipoinama mzee akasema wataleta magunia kumi, waone. Msimu uliopita walileta mia nne.

Mama Peniel, tunakushukuru kwa miaka yote, pamoja na ile ya benchi la nje, ambayo kwayo tunakuomba radhi. Nenda Rungwa kwa mama yako na mizinga yako ya nyuki. Ukae kwa afya na raha, na popote utakapofika wakutangulizie kiti. Magunia kumi yanakuja Jumanne, siku moja baada ya wewe kuondoka. Nitakuwa getini tangu alfajiri. Kalamu nitaiacha ndani, na mkono wa shati nitakuwa nimeukunja.